Sauti ya Upande wa Pili wa Bati

Niliacha kumsubiri mume wangu kwa sababu ya katuni. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili msomaji asije akadhani naandika habari za mtu mkubwa aliyejenga shule au kukomboa nchi. Mtu ninayemwandika alikuwa akitafsiri filamu kwenye kibanda cha video hapa Babati, na maneno yaliyonitoa kwenye kungoja yalitoka mdomoni mwake mchana mmoja, yakapita kwenye ukuta wa bati, yakanikuta kwenye cherehani yangu. Kwa miaka mingi nilitaka kujua jambo moja tu: maneno yale yalikuwa ya filamu, au yalikuwa ya kwake? Kama yalikuwa ya filamu, sawa, nilishauriwa na watu wa mbali wenye elimu zao. Kama yalikuwa ya kwake, basi nilibadilisha maisha yangu kwa kumsikiliza mzee mmoja muongo mwenye koti.

Tulimwita Mkalimani. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini sikumbuki hata mara moja kusikia mtu akimwita kwalo, na mkewe mwenyewe alimwita Mkalimani mbele ya wageni. Siku za kazi alitafsiri filamu. Jumapili alitafsiri mahubiri kanisani kwetu, kwa Kiiraqw, kwa ajili ya bibi zetu waliokuwa wakishuka kutoka milimani na kutoka mashamba ya kandokando ya mji, ambao Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni tu. Koti lilikuwa lilelile, la kahawia, na Biblia ilikuwa mfuko wa kushoto. Mfuko wa kulia alikuwa na tangawizi mbichi, anaitafuna kabla ya kuanza kazi yoyote kati ya hizo mbili.

Mimi nilifika Babati kutoka Singida, mkoa wa Manyara ulipokuwa bado mpya. Mji ulikuwa umejaa watu wanaoulizana wametoka wapi. Maafisa walikuwa wanatafuta nyumba za kupanga, wapimaji walikuwa wanachomeka vigingi kwenye mahindi ya watu, na mafundi ujenzi walikuwa wafalme. Mume wangu alikuwa fundi ujenzi. Alifanya kazi miezi kadhaa, kisha akasikia habari za mawe ya thamani ya machimbo ya Mirerani, na habari zile zikamwingia kichwani zikakaa. Asubuhi ya kuondoka alinishika bega akaniambia, "Mama Pendo, ni miezi mitatu tu. Nisubiri hapa hapa. Usihame hata mlango, nisije nikarudi nikakukosa."

Nikamtii. Kutii kwangu kulikuwa kwa kijinga, na leo naweza kulisema bila aibu. Chumba tulichopanga kilikuwa kinavuja upande wa kitanda, mwenye nyumba alikuwa hataki kukitengeneza, na mimi sikuhama. Kila basi la kutoka Arusha lilipopita niliinua macho. Miezi mitatu ikawa mwaka, mwaka ukawa minne, na Pendo akaanza shule akiwa anajua kwamba baba ni kitu kinachokuja kesho.

Kichumba changu cha kushonea kilikuwa kimegusana na kibanda cha video, bati kwa bati. Ndani ya kibanda sikuwahi kuingia, kwa kuwa mwanamke mwenye heshima zake asingekaa kwenye mabenchi yale katikati ya wapiga debe na wauza samaki wa ziwani. Kwa hiyo filamu zote ninazozijua nimezijua kwa masikio. Nawajua majambazi, wanajeshi na wapiganaji wa kila aina, na wote wana sauti moja, ya mzee wa Kiiraqw aliyesoma Kiswahili kwa walimu wakali.

Sauti yenyewe haikuwa nene. Ilikuwa sauti ya kawaida iliyopewa maiki. Ustadi wake ulikuwa kwenye kuwapa watu majina. Hakukubali mtu wa filamu aitwe jina ambalo watazamaji hawawezi kulitamka, hivyo aliwabatiza wote upya. Shujaa aliitwa Staringi, kama kawaida ya vibanda vyote. Mpenzi wa Staringi aliitwa Paulina. Adui aliitwa Karani, filamu zote, miaka yote, kwa sababu ambayo hakuwahi kuieleza, na watu waliowahi kupanga foleni ofisini hawakuhitaji kuelezwa. Karani alipopigwa, kibanda kilishangilia mpaka sindano yangu ikayumba.

Alijua kwamba nasikiliza. Cherehani yangu ilimwambia, maana hadithi ilipokolea mguu wangu ulisahau kukanyaga. Mara nyingine, katikati ya mapigano, Staringi yuko juu ya paa na risasi zinalia, nilisikia kwenye spika, "Mama Pendo, endelea kushona, hapa wanapigana tu, hakuna jipya." Kibanda kizima kilicheka. Mimi niliona aibu, nikakanyaga kwa nguvu, na moyoni nilifurahi.

Nje ya maiki alikuwa mtu mwingine kabisa. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi kwake. Mtu aliyeweza kusema kwa niaba ya jeshi zima, ukikutana naye barabarani alikuwa hana neno. Alipokea shikamoo, akasema marahaba, akauliza watoto, akaangalia viatu vyake. Mkewe alikuwa akituambia kwenye jumuiya, "Maneno yake yote anayaacha kazini. Nyumbani analeta koti tu." Siku alipotaka kunikosoa kwamba suruali niliyomshonea ilikuwa ndefu, alirudi nayo mara tatu, na mara zote tatu aliiweka mezani, akaitazama, akasema, "Basi nilikuwa napita," akaichukua akaondoka. Mara ya nne ndipo nilipoelewa, nikaipunguza.

Kanisani alikuwa na maiki, kwa hiyo kanisani alikuwa yeye mwenyewe. Msemo wake ulikuwa huu: "Ukitafsiri maneno watu wanalala, ukitafsiri habari watu wanakaa macho." Aliufuata msemo huo kuliko alivyofuata mahubiri. Jumapili moja tulipata mhubiri mgeni, mtu wa pwani, aliyehubiri habari za wanafunzi na dhoruba ya baharini. Alieleza mawimbi kwa muda mrefu. Mkalimani aliyatazama yale mabenchi ya mbele, akawaona bibi zake ambao bahari hawajawahi kuiona hata kwenye picha, akaanza. Mimi Kiiraqw sikijui, ila jirani yangu wa benchi alikuwa akininong'oneza. Mashua, kwa mujibu wa Mkalimani, ilikuwa kwenye Ziwa Babati. Upepo ulikuwepo, lakini kilichowatetemesha wanafunzi hasa ni viboko, wamezunguka mashua pande zote, na mmoja ameshafungua mdomo.

Bibi wale walishika vichwa. Mhubiri alidhani ni yeye, akapandisha sauti. Baada ya ibada walipanga mstari kumsalimia, na wa kwanza akamuuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mchungaji, kiboko ile kubwa, Yesu alifanya nini yake?"

Wazee wa kanisa wakamwita Mkalimani kikaoni. Nililetewa habari za kikao kile na mmoja wa wazee, aliyekuja kushonesha koti na alikuwa hawezi kukaa na siri zaidi ya dakika tano. Walimuuliza kwa nini anaongeza. Akajibu kwamba haongezi, anafikisha. Wakamwambia kazi ya kibandani ndiyo inayomharibu, kule amezoea kusema uongo mchana kutwa, na sasa anauleta madhabahuni, achague moja. Mkalimani akakaa kimya, kwa kuwa kikaoni hakukuwa na maiki. Kisha akasema yuko tayari kuacha yote mawili siku watakapompata mwingine wa kuwatafsiria bibi. Walimtafuta huyo mwingine mpaka nilipoacha kufuatilia. Kijana waliyemjaribu alitafsiri neno kwa neno, na bibi wakalala kuanzia somo la kwanza.

Nimeyasema haya ili ieleweke kwamba nilimjua. Siwezi kudai kwamba sikujua kuwa huwa anaongeza. Nilijua vizuri, nilicheka na wengine, nikawasimulia wateja. Lakini mtu anaposema jambo ulilokuwa unalihitaji, hukumbuki kuuliza kama ameliongeza.

Sasa nifike kwenye katuni. Kulikuwa na filamu moja iliyokaa kibandani wiki nyingi mfululizo. Ilihusu chombo kikubwa kama mji, kinachosafiri kati ya nyota, na watu wamo ndani na mbuzi wao na bustani zao, wameikimbia dunia iliyokauka. Staringi alikuwa fundi wa mitambo. Karani alikuwa anataka kukigeuza chombo. Babati ilishikwa na filamu ile. Waendesha bodaboda waliandika jina la chombo kwenye vizuia tope vya nyuma, na mtoto mmoja wa mtaa wa Maisaka alibatizwa jina la Staringi, lile la Kizungu, mchungaji asijue limetoka wapi.

Kwa hiyo mwenye kibanda alipotoka Arusha na sidii nyingine yenye chombo kilekile kwenye kasha, kila mtu alijua ni sehemu ya pili. Kibanda kilijaa kabla ya saa nane mchana. Nikaweka kitambaa pembeni, nikajifanya natafuta pini karibu na ukuta. Deki ikawashwa. Nikasikia muziki, kisha kimya, kisha mtu mmoja akasema kwa sauti ya kuumia, "Hii si ni katuni?"

Zilikuwa katuni saba, fupifupi, kila moja imechorwa kivyake, kwa mtindo wa kule Japani, watu wenye macho makubwa na nywele za rangi. Zilikuwa za dunia ileile ya ile filamu kubwa, chombo kilekile na nyota zilezile, lakini habari zilikuwa za watu wengine kabisa ambao kwenye filamu kubwa hukuwaona. Moja ilikuwa ya mpishi wa chombo. Nyingine ya watu waliokataa kupanda, wakabaki duniani. Nyingine ilieleza Karani alivyokuwa mtoto. Staringi hakuwemo. Wakaanza kupiga mabenchi, wanamtaka Staringi, na mwenye kibanda akaanza kutafuta mlango.

Ndipo nikasikia maiki ikiguswa. "Tulieni," Mkalimani akasema. "Ile filamu kubwa ni barabara ya lami. Inatoka Arusha inakwenda Dodoma, na basi la Staringi linapita halisimami. Lakini pale Bonga kuna nyumba kando ya barabara, na ndani kuna mtu anakula ugali. Hamtaki kujua ni nani? Hizi ndizo nyumba za kando ya barabara. Staringi yumo. Anapita dirishani. Mwenye macho atamwona."

Kilichofuata ni uhuni mtupu. Katika kila katuni, mahali fulani, kama nilivyosimuliwa, alinyoosha fimbo akasema, "Huyo, anapita," na kibanda kikalipuka kwa shangwe. Ninavyofahamu sasa, alikuwa akionyesha mtu yeyote mwenye kofia, na mara moja alionyesha ngazi. Wiki ile mjini watu waligawanyika kati ya waliomwona Staringi mara saba na waliomwona mara tano, na waliomwona mara tano walirudi kulipa tena. Nadhani hakuna mji mwingine duniani ulioangalia katuni zile kwa namna ile.

Katuni ya sita ndiyo yangu. Nilijua imeanza kwa sababu muziki ulibadilika, ukawa wa ala moja ya nyuzi. Mkalimani aliongea polepole. Alisema kuna nyota ndogo, kavu, na juu yake kuna mnara wa taa, na mwanamke mmoja anaitunza taa ile. Mume wake amepanda chombo, amemwambia asiizime, ili siku akirudi aione njia. Kila siku anapanda ngazi, anajaza mafuta, anawasha. Nywele zinaanza kubadilika. Mapipa ya mafuta yanapungua ghalani. Vyombo vingine vinapita mbali, yeye anainua macho.

Hapo nilikuwa nimeshika pini mkononi na sikuwa naitafuta tena.

"Sasa mama huyu amekaa kwenye ngazi," Mkalimani akasema. "Anaongea peke yake. Anasema, taa hii nimeiwasha vya kutosha. Aliyetaka kuiona ameshaiona. Mafuta yaliyobaki ni yangu. Nitapikia, nitajipaka, nitaota moto nikisikia baridi. Sina hasira na mtu. Lakini mafuta yaliyobaki ni yangu."

Kisha picha ikakwama. Watu wakapiga kelele, deki ikagongwa, sidii ikatolewa ikafutwa na shati, ikarudishwa, ikakwama palepale. Wakaruka kwenda katuni ya saba. Mimi sikuisikia. Nilikuwa nimekaa chini kati ya vipande vya vitambaa, nalia kwa namna ambayo sikuwa nimelia tangu mume wangu aondoke, na sikuwa na huzuni. Nilikuwa na haraka.

Mwezi ule ule nilihama chumba kile kinachovuja. Nilitafuta kiwanja Maisaka, kidogo, chenye mwinuko, nikaanza kununua tofali kila nilipomaliza sare za shule. Basi la Arusha lilipita nami nikiwa nakata kitambaa, na sikuinua macho. Siku ya kwanza ilikuwa kazi, ya tano sikukumbuka. Ndugu wa mume wangu walituma ujumbe kwamba nimemdharau. Mama yangu alisema nimeingiwa na nini. Niliwajibu wote kwa maneno yale ya mafuta, na hakuna aliyenielewa, na mimi nilielewa kwa niaba yao wote. Nilijenga vyumba viwili, kisha cha tatu. Pendo alisoma.

Simu zilipoingia kila mfuko, kibanda kilikufa. Mwenyewe alikigeuza duka la vifaa vya bodaboda. Mkalimani alibaki na Jumapili zake, kisha macho yakaanza ukungu, kisha mkewe akafariki, na mabinti zake wakamchukua kwenda Bonga. Nilimzika mkewe nao, nilimshika Mkalimani mkono, akasema "Asante, Mama Pendo," basi. Baada ya hapo sikumwona tena kwa miaka. Nyumba ile ya Bonga ni ya watu wa maombi, habari za mjini haziingii pale.

Ni Pendo aliyeniletea shida. Alikuja likizo, ni mtu mzima sasa na ana kazi yake, akanikuta nasimulia kwa mara ya mia habari za mama wa taa. Akasema, "Mama, hiyo kitu lazima iko mtandaoni." Hakukaa hata robo saa. Akaniwekea simu mbele, nami kwa mara ya kwanza maishani nikaziona kwa macho zile nilizozijua kwa masikio. Nikaiona nyota kavu. Nikauona mnara. Mwanamke alikuwa mwembamba kuliko nilivyomfikiria, na nywele zake zilikuwa za buluu, jambo ambalo Mkalimani hakuona haja ya kulitaja.

Alikaa kwenye ngazi. Nikasogea. Hakufungua mdomo.

"Ongeza sauti," nikamwambia Pendo.

"Sauti ipo, mama. Haina maneno. Wameandika hapa, ni katuni isiyo na maneno mwanzo mpaka mwisho."

Yule mwanamke aliinuka kwenye ngazi, akajaza mafuta, akawasha taa. Na kwa kuwa simu haikukwama, nikaona na kile ambacho Babati haikukiona. Mwanga mdogo ulitokea mbali, ukakua, ukawa chombo. Mlango ukafunguka. Mwanamume akashuka, ana mvi, na yule mwanamke akashuka ngazi mbio. Ikaishia hapo.

Nilikasirika. Sitaki kupamba. Nyumba yangu ilikuwa imesimama juu ya maneno yale, na sasa naambiwa hayapo, na kwamba yule mwanamke alisubiri, akalipwa. Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikapanda bodaboda kwenda Bonga, simu ya Pendo mkobani, na njia nzima nilikuwa napanga maneno.

Nilimkuta Mkalimani amekaa uani kwenye kiti cha plastiki, koti mwilini, uso umeelekezwa kwenye jua. Macho yalikuwa meupe kabisa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akainamisha kichwa kidogo. "Mama Pendo. Hujambo mwanangu? Pendo hajambo?"

"Hajambo. Mzee, nimekuja na ile katuni ya mama wa taa."

Mkono wake ukaingia mfuko wa kulia, ukatoka mtupu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mizaha, na kumbe hakuwa na mzaha.

"Haina maneno," nikasema. "Hata moja."

"Haina," akasema. "Ilipoanza nikasubiri waongee. Hawaongei. Watu wakaanza kuguna, na kibanda kikikaa kimya wanataka hela yao. Nikamwangalia yule mama. Nikasema, huyu mbona namfahamu, yuko hapa nyuma ya bati." Akahema. "Nilikuwa na maneno ya kukuambia siku nyingi. Nikipita dukani kwako nayashindwa. Ile suruali, unakumbuka? Haikuwa ndefu sana."

Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Sasa na mimi nikuulize," akasema. "Ile sidii ilikwama kweli. Watu walisema nimeikwamisha, sikuikwamisha. Nilienda nayo kwa fundi, nikaisugua na dawa ya meno, ikakataa. Mwisho wake sijawahi kuujua. Nilimwambia mwanamke wa watu aache kusubiri, na filamu yenyewe sijaiona mwisho. Nilikuwa nakuona unapita na mkokoteni wa tofali, nasema, kama yule mwanaume kule nyotani alirudi, mimi nitamjibu nini Mungu? Wazee wa kanisa walinisamehe kiboko. Hili sikuwaambia." Akanigeuzia uso. "Alirudi?"

Nilitoa simu. Nikaitafuta katuni, nikaiweka kwenye mkono wake ili aisikie vizuri. Ule muziki wa nyuzi ukaanza.

"Nitafsirie," akasema.

Nikamtafsiria. Nikamweleza ngazi, mapipa, nywele, nikamwambia kwamba ni za buluu, akasema anakumbuka lakini Babati ya wakati ule isingezielewa. Mama akakaa kwenye ngazi. Tukafika pale ilipokwama, tukapita.

"Sasa mwanga unatokea," nikasema. "Ni chombo. Kinatua. Mlango umefunguka. Mume anashuka. Ana mvi. Nyuma yake anashuka mwanamke mwingine, kijana kidogo, amebeba mtoto. Halafu mtoto wa pili. Halafu wa tatu."

Akaisogeza simu sikioni.

"Wamesimama chini ya mnara. Mume anatafuta mlango wa zamani, hauoni. Anaelekezwa na watu mpaka kwenye nyumba ya vyumba vitatu, juu ya mwinuko. Anabisha. Mama anafungua, ana futi ya kupimia shingoni. Mume anasema, Mama Pendo, tumefika, na shule zinafunguliwa Jumatatu, watoto hawana sare."

Kila neno lilikuwa kweli. Ndivyo mume wangu alivyokuja, mwaka juzi, kwa basi, mchana, mbele ya majirani wote wa Maisaka. Sikutukana na sikulia. Niliwaingiza ndani, wakanywa chai.

"Na huyo mama anafanyaje?" Mkalimani akauliza, taratibu sana.

"Anawapima watoto. Mdogo anamwekea pindo kubwa, maana anakua. Kisha anawasindikiza mpaka barabarani, anarudi, anafunga mlango wake."

Muziki uliisha zamani, simu ilikuwa kimya mkononi mwake, na yeye hakuonekana kugundua. Mabega yalianza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na machozi nayo yapo. Akajifuta kwa mkono wa koti. Binti yake akachungulia kutoka jikoni kuona kuna nini.

"Mama Pendo," akasema alipopata sauti, "hayo ni ya kwenye filamu, au unaongeza?"

"Siongezi, mzee," nikamwambia. "Nafikisha."